Neno Nililokusomea Asubuhi

Mwanangu,

Chai iko kwenye chupa. Ukirudi kukimbia, kula kwanza.

Nisamehe kwa kukurushia daftari asubuhi. Ulitaka nikupime maneno ya Kiingereza ya mtihani wa jeshi. Tulipofika "widow" ukacheka: "Mjane! Hilo mteremko, Mama." Hukukosea. Ila neno hilo mimi nililijua kabla sijajua hata salamu za Kiingereza. Lilikuwa kwenye barua ya jeshi iliyoleta habari za kifo cha baba yako, wewe ukiwa bado mgongoni. Jirani ndiye aliyenisomea, akashindwa kunitazama.

~~Kesho usiende.~~

Kesho tutoke saa kumi na mbili. Nitakusindikiza mpaka kwenye geti la kambi. Usinikatalie, baba yako niliagana naye hapa mlangoni tu.

Mama