Injini ya Nyambura na Mate Yangu

Jumanne. Baridi ya kukata masikio. Nilikuwa nimeombea ukungu ubaki, lakini uliondoka mapema na mlima ukatoka wote, mweupe juu, kama umekuja kutazama.

Mimi shule sikuingia. Naongea na simu, yenyewe inaandika. Msinisahihishe.

Mjukuu wangu Nyambura, anayeniita Cucu, yaani bibi yake, ametengeneza injini ya ndege. Ndogo, inatoshana na debe la maji. Ndani kuna gurudumu la mapanga madogo, moto unalizungusha mpaka linalia kama filimbi ya shetani. Miaka mingi yeye na wenzake wanaifungua na kuifunga kule karakana yao, mtaa wa Skuta. Kuna siku panga moja lilikatika likatoboa bati la ukuta. Hilo tundu nimeliona. Kidole changu kinapita.

Leo injini ilikuwa ipande angani mara ya kwanza, kwa kindege cha watu wawili. Otieno rubani, na Nyambura kando yake akiangalia joto la injini.

Kwetu mtoto haendi jambo kubwa kabla mzee hajamtemea mate ya baraka mikononi. Nyambura ni injinia, lakini kwa hilo hana mchezo. Alipiga magoti kwenye nyasi yenye umande, akafungua viganja.

"Cucu, nibariki."

Injini inalia nyuma yake. Mimi akilini naona lile tundu la bati. Nikafungua mdomo.

Mate hakuna. Ulimi mkavu kama gunzi.

"Umekataa, Cucu?"

Akasimama, akamwashiria Otieno azime.

"Imeharibika?" Otieno akauliza.

"Injini iko sawa. Ni Cucu."

"Ai, mama! Hata upepo umetukubali, wewe ndio unafunga barabara?"

Ukweli ni huu: sikukataa. Ni woga ulinikausha. Lakini kindege kilipozimwa nilifurahi, nikanyamaza ili aendelee kuamini nimekataa.

Sasa yuko jikoni anamenya viazi. Hajaninunia. Ameniuliza kama nasikia baridi, akaniletea shuka. Afadhali angenifokea.

Nikinyamaza, injini yake italala chini ya turubai hadi nife, maana bila mimi hapandi. Nikisema, kesho atakuwa huko juu, na mimi huku chini sina mikono ya kumdaka.

Huyu mtoto nampenda vibaya. Lakini hakunipigia magoti nimfunge kamba kama mbuzi.

Nyambura! Wewe Nyambura! Wacha hivyo viazi. Kuja hapa na mikono yako, haraka, kabla mdomo haujakauka tena.