Seneta Attracta na Mkono wa Mama Mkwe

Jumamosi, 2 Agosti 2025

Maktaba ya Hayes. Kiti changu cha dirishani kimechukuliwa na mzee wa magazeti ya mbio za farasi, nikakaa sehemu ya vitabu vya watoto, magoti yakigusa kidevu. Hata hivyo mjadala wa Seneti juu ya pensheni nimemaliza kuusoma. Nimeanza wa makazi.

Watu wananiuliza: Generosa, mtu wa Kamachumu, umekuja London kusoma shahada ya uzamili, halafu tasnifu unaandika juu ya seneta wa Ayalandi? Nawaambia kwetu kila ukoo una Attracta wake. Nilipoliona jina tu, Seneta Attracta Mulhern, nikajua huyu amelelewa na masista.

Lakini ukweli ni ile hotuba. Mswada wa posho ya watu wanaouguza ndugu zao nyumbani. Akasimama, akasimulia habari za shangazi yake Delia, aliyemuuguza baba yake miaka kumi na mmoja, kumlisha, kumgeuza, kumwosha. Mzee alipofariki Delia akaenda kutafuta kazi. Wakamwambia: miaka kumi na mmoja hukuwa unafanya kazi yoyote. Mimi nimefanya kazi ya kea, kuhudumia wazee, miaka minane, na zamu mbili kwa wiki bado nafanya. Nililia ndani ya basi la 140. Sura ya nne yote nimeijenga juu ya hotuba hiyo.

Mume wangu Humphrey anasema siku hizi nikimjibu naanza na "kupitia kwako Mwenyekiti". Akaniuliza mwenyekiti ni nani humu ndani. Nikamwambia kiti kiko wazi.

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Kwa msimamizi wangu, Dk. Nitin. Amezaliwa Harrow, bibi yake alitoka Kisumu, na Kiswahili alichorithi ni maneno mawili: "pole pole" na "kelele". Leo nimepewa yote mawili.

Sura ya nne, kasema, si uchambuzi. Ni barua ya mapenzi. Halafu akauliza: umewahi kumwuliza mwenyewe alikuwa anataka nini siku ile? Nikamjibu alikuwa anataka haki. Akatikisa kichwa taratibu, kama daktari aliyeona picha ya mapafu.

Kumbe Seneta mwenyewe amestaafu na yuko London kwa mwanawe! Alhamisi ijayo atazungumza kwenye ukumbi wa Waayalandi kule Kilburn. Kiingilio bure, chai ipo.

Nimeteremka ngazi za chuo bila kuziona.

Jumatano, 6 Agosti 2025

Mama mkwe ameanguka. Mama Aikaeli wa Machame, miaka sabini na sita, ameteleza kwenye banda la ng'ombe. Mkono umevunjika kwenye kifundo. Hospitali wamemfunga plasta wakamruhusu. Namshukuru Mungu si nyonga.

Simu ilitoka kwa Godbless, kaka yake Humphrey, anayekaa Harrow. Huyu shemeji yangu ni mhasibu, lakini kazi yake hasa ni vikao. Kikao cha kanisa, cha ukoo, cha harusi, cha kuvunja kamati ya harusi. Anasema mama aletwe London akae miezi sita apone. Jumapili tukutane kwake tupange.

Nikamwuliza Humphrey, akija nani atabaki naye mchana? Wewe uko ghalani kule uwanja wa ndege tangu alfajiri. Humphrey akafungua friji, akaiangalia, akaifunga.

Nimeelewa.

Jumapili, 10 Agosti 2025

Harrow. Godbless alikuwa na ajenda tatu: sala, mkono, mengineyo.

Alisema maneno mazuri kuhusu mama. Kweli mazuri, hata Humphrey akapenga kamasi. Kisha akasema: "Bahati nzuri shemeji ana uzoefu wa kuhudumia wazee. Na mchana yuko nyumbani, anasoma tu."

Tu. Neno lenyewe herufi mbili. Nimelibeba kutoka Harrow hadi Hayes na bado halijateremka.

Nampenda mama mkwe wangu, niandike hapa nisije nikasahau. Mwaka niliomjifungua binti yetu Beatha alinipikia mtori kila siku na kunikanda mgongo. Lakini tasnifu inakabidhiwa tarehe tano Septemba, na wao wanataka mama awe ametua kabla ya mwisho wa mwezi huu. Nilikuwa na majibu. Nina majibu ya miaka kumi na minne ya Seneti ya Dublin! Mishahara, makazi, malezi ya watoto, naweza kuyasema usingizini. Nilichofanya ni kuchukua sambusa. Halafu nyingine. Godbless akaangalia meza nzima akasema, "Basi tumekubaliana," na mdomo wangu ulikuwa umejaa nyama ya kusaga.

Tiketi itakatwa Jumapili ijayo, kikao kiwe kwetu. Mimi nipike.

Alhamisi, 14 Agosti 2025

Nimemwona. Niandike yote kwa mpangilio.

Ukumbi ulijaa wazee wa Kiayalandi, mimi Mwafrika peke yangu. Mlangoni nikapewa chai, biskuti, na namba ya bahati nasibu. Seneta ni mdogo, mdogo kabisa, koti la mvua hakulivua hata mara moja. Akazungumzia bei ya nyumba, watu wakapiga meza. Kisha bahati nasibu ikachezeshwa nikashinda chupa ya wiski. Ukumbi wote ukanipigia makofi kuliko seneta.

Nadhani ndiyo sababu alinijia mwenyewe. Akataka kujua mwenye bahati ametoka wapi. Nikasema Tanzania, kisha yote yakanitoka kwa mkupuo: tasnifu, sura ya nne, shangazi Delia, basi la 140.

Akanitazama. "Ile ndefu?" akauliza.

Ile ndefu, nikasema.

Akaniketisha. Akasema nisikasirike. Siku ile, baada ya mswada wa posho, ilikuwa ifuate kura ya mambo ya uvuvi. Upande wao walikuwa wamepungukiwa mtu mmoja, na huyo mmoja alikuwa amekwama barabarani kutoka Galway, nyuma ya trekta. Kiongozi wao akamnong'oneza Attracta: simama, zungumza chochote, usikae mpaka aingie. Akasimama.

"Sikuwa nimeandaa hata sentensi moja, mwanangu. Nilikuwa nasubiri samaki."

Nikamwuliza, na Delia? Delia alikuwepo, kasema. Alimuuguza baba miaka minne. Saba alimwongezea yeye, maana yule wa trekta alikuwa bado hajafika. Na Delia alipoisikia redioni akanuna miaka miwili. Alikuwa na maduka mawili na gari. "Alisema nimemfanya fukara mbele ya nchi nzima."

Sijui uso wangu ulikuwaje, maana alinisogezea biskuti zake.

Nikamwambia, kwa hiyo ulidanganya. Akafikiri, hakukimbilia kujibu. Akasema saba zile ni uongo, ndiyo, na hazijamtoka rohoni. Lakini waziri alikuwa ndani siku ile, mguu wake ulikuwa na jongo, hakuweza kutoka kwenda kula. Akalazimika kusikiliza yote. Mwaka uliofuata kanuni ikabadilishwa. "Hotuba zangu nilizoziandaa kwa wiki nzima hazijabadilisha hata taa ya barabarani."

Kisha akaniuliza habari zangu. Nikajikuta nasimulia: banda la ng'ombe, mkono, Godbless, ile "tu". Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza jambo moja.

"Na yeye anasemaje?"

Nani, nikauliza. Mume wangu?

"Mwenye mkono."

Nikachukua biskuti. 

Ijumaa, 15 Agosti 2025

Sura ya nne imekufa. Samaki.

Humphrey nimemsimulia, akacheka mpaka akakaa chini kwenye zulia. Kisha akaona sicheki. Akanipikia chai, akaniambia sura ya nne haijafa, sasa ndiyo ina stori. Namchukia anapokuwa na akili.

Jumamosi, 16 Agosti 2025

Nimempigia mama mkwe. Simu imezimwa. Nikampigia jirani yake, mke wa Cosmas. Anasema mama hayupo, amekwenda kwenye kikao cha akina mama wa usharika, na plasta yake imening'inizwa shingoni, na ndiye anayekiongoza. Nikauliza, anaendeleaje? Akasema anasumbua kila mtu, yaani anaendelea vizuri.

Nikaacha ujumbe: kesho baada ya ibada atupigie, wanawe wote watakuwa pamoja. Mke wa Cosmas akaniuliza kuna nini. Nikamwambia kuna swali, la tiketi.

Ndizi nimenunua Kingsbury, kwa yule Mgujarati anayeniita dada. Nyama ipo. Wiski nimeificha nyuma ya unga.

Jumapili, 17 Agosti 2025

Naandika jikoni, nimesimama, daftari juu ya mashine ya kufulia. Kikao kinaendelea sebuleni. Nimetoka kwa kisingizio cha ndizi.

Godbless alifika na kompyuta. Sala fupi, mno. Akafungua ukurasa wa ndege, akasema kuna nafasi tarehe ishirini na saba, tukate sasa hivi tukale. Mama alikuwa hajapiga. Nikatazama simu. Kimya. Humphrey akatoa kadi yake ya benki. Kidole cha Godbless kikawa juu ya kitufe.

Nikasimama.

Nikasema, nina neno. Godbless akasema karibu shemeji, kwa ufupi. Nikaanza. Nikasema, kabla hatujauzungumzia mkono ni vizuri tujue tunazungumzia nini tunaposema kuuguza. Nikawapeleka Ayalandi. Nikawaeleza mswada wa posho, kifungu kwa kifungu. Nikarudi Kamachumu, kwa bibi yangu mzaa baba, nani alimuuguza, na nani alikuwa anapita tu kusalimia na kuondoka na mkungu. Godbless akasema, "Shemeji, fika kwenye hoja." Nikamwambia niko njiani, nyuma ya trekta. Hakuelewa. Humphrey akaelewa, akaziba mdomo kwa kiganja.

Nikaingia kwenye mbinu za kumgeuza mgonjwa kitandani. Nikamtumia Godbless kuonyesha. Ni mtu mzito. Beatha akashuka kutoka chumbani kwake, akauliza kwa Kiingereza chake kama baba mkubwa amezimia, akakaa kuangalia.

Nilikuwa nimefika kwenye vyakula laini, nimeishiwa kabisa, naorodhesha aina za uji, simu ilipolia. Nikaiweka sauti ya juu, nikaiegemeza kwenye bakuli la matunda.

"Shikamoo mama," tukasema wote.

"Marahaba. Nimesikia mnanikatia tiketi. Nani aliniuliza?"

 Godbless akasema, "Mama, ni kwa ajili ya mkono."

"Mkono ni wa kushoto. Sasa mimi nina la kusema, na nikisema msinikatize."

Akaanza mwaka alioolewa. Si utani. Kapita mvua za mwaka ule, kapita bei ya kahawa, kapita ujenzi wa nyumba na fundi aliyekimbia na mabati. Mimi nilidhani naweza kuvuta muda. Mimi ni mtoto. Mama hapumui hata kwenye nukta! Godbless alijaribu mara moja, "Kwa hiyo mama uamuzi wako ni—" akaambiwa kwamba alizaliwa na haraka hiyo hiyo, kabla mkunga hajafika.

Ndipo nikakimbilia jikoni kuangalia ndizi. Lakini nilifika mlangoni nikasimama, maana sauti ilikuwa imebadilika. Anamzungumzia mama mkwe wake. Alimuuguza miaka tisa. Akina Humphrey walikuwa shule ya bweni, hawakuona. Anasema alikuwa na nafasi ya kwenda kusomea ualimu Marangu, sanduku lilikuwa limeshafungwa. Kikao kikafanyika, yeye alikuwa anawapakulia. "Hakuna aliyeniuliza kama nataka. Na nilimpenda yule bibi. Vyote viwili ni kweli."

 Nachungulia: Godbless amefunga kompyuta. Humphrey anaitazama simu kana kwamba ni mtu ameketi pale.

Na bado hajasema anakuja au haji. Wala mimi sijui nataka aseme nini, leo hii, na mtori wake wote ule.

Ndizi zimeanza kushika chini. Nimepunguza moto.

Sasa nasikia ananiita. Si Godbless, si Humphrey. "Generosa yuko wapi? Mleteni, huyo ndiye nataka kumwuliza." Humphrey amekuja mlangoni, ameishika simu kwa mikono miwili kama sahani yenye mchuzi. Mama anasema niketi kwanza, nifute mikono, na nisijibu haraka, kwa sababu yeye hana pa kwenda.

Nafuta mikono.