Batani Zilizozoea Kidole Chako

Mtani wangu Mihayo,

Pole na safari. Nakuandikia nikiwa kibandani kwetu hapa Ng'ambo. Televisheni nimeizima na waya nimeuchomoa ukutani, maana tangu ufe, kuizima tu naona haitoshi.

Mengine hayajabadilika sana. Turubai la mbele limechanika, na yule fundi viatu wa pembeni amehamia Gongoni. Wateja bado wanakuja kucheza gemu, bado wanabishana mpaka mate yanawaruka. Wapo wanaokuulizia. Nawajibu vizuri, kisha naingia nyuma ya pazia nalia, natoka nimenawa uso.

Unakumbuka ulivyokuja mara ya kwanza? Ulishika pedi ya kuchezea gemu ukafungwa mabao mpaka watu wakaona haya kukucheka. Kidole gumba chako cha kulia hakikukunjika tangu ulipoungua utotoni kule Goweko, kwenye bani la kukaushia tumbaku, na pedi imetengenezwa kwa ajili ya watu wenye vidole vinavyokunjika. Nikakuita Gogo, maana gogo la mti halikunjiki. Nilikuwa na haki hiyo: wewe Mnyamwezi, mimi Mzaramo, babu zenu walipita kwetu na mizigo kwenda pwani, na utani wetu ukaanzia njiani huko. Hukununa. Ulirudi baadaye na simu yako, umeweka programu inayoigeuza simu kuwa pedi. Inajiunga na mashine ya gemu bila waya, batani zinatokea kwenye kioo, na zinamfuata mchezaji. Kidole kikigusa pembeni, batani inasogea pembeni. Kikigusa kwa ubavu, inapanuka. Ulivyoendelea kucheza, batani zako za kulia zikajikusanya zote chini kwenye pembe ya kioo, pana, zimelala upande.

"Hii hainiambii nikunje," ulisema. Kisha ukatufunga wote. Mungu wangu, ulijua kujisifu.

Msibani nilifanya kazi yangu ya utani. Nilivaa shati lako nimeligeuza ndani nje, nikalala mbele ya jeneza nikasema hupiti mpaka tumalize mechi. Watu walicheka huku wanalia. Nikanyakua na simu yako, kama mtani anavyonyakua kitu cha marehemu, wenye msiba waje wakikomboe. Mama yako akasema, "Kaa nayo, nitakuja." Sikujua ninabeba nini.

Maana uliniogopesha, Mihayo. Alasiri moja wateja wameenda kula, simu yako iko rafuni kwenye chaji, televisheni ikaandika: *Mihayo ameingia.* Mchezaji wako akatokea uwanjani. Akanyoosha shingo, akageuka akanitazama. Najua sababu. Simu inaukumbuka mtandao wa kibanda na inajiunga yenyewe, na mchezaji asiyeguswa huwa anajinyoosha hivyo. Kujua hakukunisaidia. Niliita "Gogo?" kwa sauti, mchana kweupe, na akili zangu ninazo.

Kesho yake nikaishika nicheze, nijitoe woga. Vidole vyangu vilitua patupu. Batani zilikuwa kule chini kwako, zinakungoja. Nikacheza kidogo, nikaona ile ya shuti inapanda taratibu kukifuata kidole changu. Niliitupa simu kwenye kochi kama imeniunguza. Ilikuwa inanizoea mimi, inakusahau wewe. Nilitafuta namna ya kuzifunga zisihame, sikuiona. Tangu siku hiyo sikuigusa wala sikumruhusu mtu, nikawa nasema ni mbovu. Picha zako ninazo, hata sauti yako ninayo, lakini mkono wako ulikuwa umebaki mle tu.

Juzi Mama yako akaja na treni, jogoo kwapani. Nikamwamkia kwa Kinyamwezi, "Mwangaluka, mayu," akaicheka lafudhi yangu kama kawaida yake. Akaniwekea jogoo miguuni.

"Nimekuja kumkomboa," akasema.

Hakusema kuikomboa. Nilisikia vizuri. Nikamletea simu, nikadhani ataitia kwenye mfuko aondoke, mkono wako ukae humo salama huko Goweko. Akaketi kwenye benchi. "Nioneshe alivyokuwa anacheza."

Ningemkatalia vipi? Nikawasha, nikampa. Akabonyeza ovyo, mchezaji akakimbilia nje ya uwanja. Akacheka, akabonyeza tena. Nikaona zinaanza. Ile ya pasi kwanza, halafu ya shuti, zinaiacha pembe yako, zinapanda kuelekea vidole vyake vifupi vilivyokomazwa na jembe. Nikanyoosha mkono nimpokonye. Kweli, Mihayo, nilitaka kumpokonya mama yako simu ya mwanawe, nimwambie acha, unamfuta.

Yeye hakuinua hata macho.

"Mwanaidi, unaona? Ananipisha."

Nikaurudisha mkono wangu. Alisema kwa sauti ya mtu aliyeingia nyumbani kwa mwanawe akaachiwa kiti. Alicheza mpaka akatosheka, na alipoinuka hapakuwa na batani hata moja mahali pako. Aliifunga simu kwenye ncha ya kanga, nikamsindikiza stesheni. Niliporudi nilikaa mbele ya televisheni muda mrefu. Nilichoogopa safari hii ni kwamba haitaandika tena jina lako.

Haya, mtani, nenda. Njia ni yako, mimi silali tena mbele yako. Nakuahidi jambo moja: sitamweleza Mama habari za programu. Siku atakayoniuliza kama ni kweli ulimpisha, nitamwambia ndiyo, mayu, nilimwona.

Mtani wako,
Mwanaidi