Mikaratusi Thelathini na Miwili

Nyansiongo,
Jumapili, 3 Agosti 2025

Kaka yangu Onyiego,

Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Naivasha, na kwamba kikohozi chako kimepoa. Sisi huku hatujambo. Mama anakula vizuri, anagombana na kuku wa jirani, na goti lake linamuuma siku za mvua tu, yaani kila siku. Utajiuliza kwa nini naandika ilhali simu ninayo. Utaelewa ukifika chini, kwa hivyo soma polepole na usiruke.

Tumeshinda, kaka! Kikundi chetu cha kulinda chemchemi, kile ulichokiita kikundi cha kunywa chai, kimepata ufadhili kutoka kwa mfuko mmoja wa Kisumu. Vikundi sabini viliomba, vikachukuliwa vinne. Nilipoisoma ile barua nilipiga kigelegele hadi ng'ombe akapiga teke ndoo ya maziwa, na Mama hakunikaripia.

Unakumbuka tulivyonyimwa mara tatu. Sasa nikuambie sababu, ucheke. Maombi yote matatu aliyaandika Duke, yule wa saiba, duka la kompyuta pale mjini Nyamira, kwa Kiingereza kizito ambacho hakuna mwanachama aliyekielewa, nasi tukaona kwamba kwa kuwa hatukielewi basi lazima ni kizuri. Mara ya tatu nilichoka kunung'unika, nikapigia ofisi yao simu kuuliza tulikosea wapi. Alipokea mama mmoja mpole anayeitwa Millicent, mwenyeji wa kule ziwani. Alifungua faili letu, akasema: "Dada, hapa mmeandika ngamia wenu wanakufa kwa ukame. Hiyo mvua yenu ya Nyamira mimi huiona nikiwa Kisumu."

Duke alikuwa amenakili ombi la kikundi cha kaskazini, akabadilisha jina tu. Nilitamani ardhi ipasuke nizame. Lakini Millicent hakukata simu. Aliniuliza shida yetu hasa ni nini, nikamweleza jinsi chemchemi ilivyobaki kijimkondo cha kujaza kikombe, na jinsi Mama na goti lake anavyoshuka hadi mtoni. Akasema niandike hivyohivyo. Tusiahidi kuokoa kaunti nzima. Tuseme chemchemi moja na nyumba arobaini. Tuambatanishe kumbukumbu za mikutano na barua ya naibu wa chifu, na tusome masharti yao kabla ya kuandika, si baada. Halafu akauliza swali lililoninyima usingizi: wenyewe tumeshafanya nini kabla ya kuomba?

Hatukuwa tumefanya kitu. Kila Jumapili tulikutana, tukaomba Mungu, tukanywa chai, tukaisubiri pesa. Na kila mmoja wetu alijua kinachonyonya yale maji, ila hakuna aliyethubutu kukitaja mbele yangu, kwa sababu ni mikaratusi, na mikaratusi iliyo juu ya chemchemi ni yako.

Ndiyo, kaka. Umefika pale nilipokuwa nakuleta. Niliikata yote thelathini na miwili, ile uliyoipanda kwa ajili ya paa la nyumba yako. Mwezi wa pili niliazima msumeno, wanawake wakaja na mapanga, na kwa siku tatu hatukuacha hata mmoja. Mbao zako nimezipasua, zimekaa kavu chini ya mabati, hakuna aliyegusa hata ubao mmoja. Penye visiki tumepanda mianzi. Kufikia mwezi wa tano maji yalikuwa yanajaza mtungi kabla hujamaliza kusalimiana na mwenzako.

Millicent alipokuja kukagua alisimama juu ya visiki, akasema hapo ndipo alipotuamini. Akauliza miti ilikuwa ya nani na kama mwenyewe aliridhia. Kaka, ombi lile la nne nililiandika kwa mkono wangu na kila neno lilikuwa kweli. Lakini hapo ulimi uliniponyoka, nikasema uliitoa kwa moyo mmoja. Akaandika. Sasa wamekualika uwe mgeni wa heshima tarehe ishirini na nne mwezi huu, tutakapozindua ujenzi wa ukuta wa kulinda chemchemi, ili wakushukuru mbele ya watu.

Naona haya, na bado nina furaha isiyo na mfano. Hasira zako nitazipokea, nimezistahili. Ukisema hapana, nitasimama siku hiyo mbele ya Millicent niseme nilidanganya, hata wakichukua kila kitu. Katika yote niliyowaambia ni neno hilo moja tu lisilo kweli, na ni wewe peke yako unayeweza kulifanya kuwa kweli.

Mama anakusalimu sana. Anasema hakujua lolote kuhusu miti. Usimwamini, ndiye aliyeshika kamba tulipoiangusha.

Wasalimie wote hapo kwako. Na ukija, usipitie nyumbani kwanza. Shuka chemchemini, unywe maji, ndipo upande uje unigombeze.

Mdogo wako akupendaye,
Nyanchama