Sifa za Kwaya Yangu Zimekwenda kwa Kompyuta

Mpendwa Shangazi Leena,

Naomba msaada wako kabla sijasema kanisani maneno ambayo sitaweza kuyarudisha. Mimi ni Mkongo wa Uvira, naishi Thornton Heath hapa London, nina kampuni yangu ya usafi niliyoianza kwa ndoo moja na mikono yangu miwili, na sijazoea kuona jasho langu linahesabiwa kwa mwingine. Mume wangu Fortunat ni mwanaume mwema, anapika, hana makelele, na ndiye anayerekodi kwaya ninayoiongoza, sasa mwezi uliopita akaweka kwenye kompyuta yake programu mpya ya kupigia muziki, eti ile ya zamani ilikuwa inabana sauti, na Jumapili akasimama mbele ya waumini, akatuwekea wimbo wetu mpya, watu wakapiga vigelegele, naye akashika maikrofoni: "Mnasikia, wapendwa? Hiyo ni programu mpya!"

Shangazi, tangu Pasaka nimewafundisha watu wale mara mbili kwa wiki baada ya kazi, waimbaji wa besi walikuwa wanakimbia mbele kama wanawahi basi, nikawafunga breki mmoja mmoja, halafu asifiwe nani? Kompyuta! Tulipofika nyumbani nikamwambia, "Papa, chukua ile rekodi ya Pasaka, ya kabla ya mazoezi, iweke kwenye programu yako hiyo, iponye tuone." Akaiweka. Besi wakakimbia vilevile. Akakuna kichwa, akasema, "Lakini mama, sikia hewa iliyo katikati ya sauti." Hewa! Nikacheka mpaka akafunga kompyuta, na tangu siku hiyo ananijibu kwa adabu tu, kama mteja.

Na hata kabla ya hapo ilikuwa kero, kila akitoka kazini Hayes anakaa kusikiliza ubeti uleule, ule ninaouimba peke yangu, kwa programu ya zamani, kisha kwa mpya, kisha anarudia, nyimbo zipo kumi na mbili lakini ni huo tu, na chakula kinapoa. Jumapili ijayo ni sikukuu ya kwaya, atashika maikrofoni tena. Nimsahihishe mbele ya watu, au niache kwaya iongozwe na programu?

Mimi, Mnyimwa Sifa

*

Mnyimwa Sifa, mwanangu,

Kwenye hoja umeshinda. Programu mbili zikisoma rekodi moja na kuipeleka kwenye spika bila kuigusa, kinachotoka ni kilekile. Ila mwambie Fortunat aangalie kama hiyo mpya haipandishi sauti au kuongeza besi kimyakimya, maana muziki ukiwa juu kidogo tu, sikio hudhani umekuwa mzuri zaidi. Azime mapambo yote ya programu, asawazishe ukubwa wa sauti, kisha akupe mgongo, wewe ubadilishe programu naye akisie ni ipi. Akishindwa, usicheke. Umeshacheka ya kutosha.

Sasa nikugombeze. Mtu hodari wa hesabu kama wewe, umeniandikia nyimbo kumi na mbili, ukashindwa kuhesabu mpaka moja! Anayepima mashine huchukua wimbo wowote. Huyu, kila siku, anachukua sauti yako. Anatafuta "hewa" na "programu" kwa sababu mdomo wake haujui kusema kwamba mkewe akiimba yeye anaduwaa. Hapa kwangu Stanmore ninaye mume wa aina hiyo hiyo, miaka yote anasifia sufuria, mchuzi hajautaja hata siku moja.

Lakini hilo halimpi ruhusa. Wewe Fortunat, najua utasomewa haya: programu haikufunga mtu breki. Jumapili utashika maikrofoni hiyo hiyo na utamtaja mkeo kwa jina, kwa sauti inayofika viti vya nyuma. Ukitaja kompyuta, nitajua.

Na wewe, mama kiongozi, kanisani usimsahihishe. Leo akitoka Hayes na kufungua kompyuta yake, ifunge polepole, ukae karibu naye, umwimbie ule ubeti ulivyo, bila programu yoyote. Ukimaliza, muulize ipi ni nzuri.

Chakula kifunike kwanza. Ataomba urudie.

Shangazi Leena