Ningewaacha Wapi

Jumatano

Bado nasikia wale watoto wakigonga mlango.

Anna, jirani yangu, alivuka mpaka kwenda mji wa Nakonde kuuza mchele, akawafungia wanawe wawili ndani kwa kufuli kama kila siku. Saa nne tukaona moshi dirishani. Mdogo alichezea kiberiti, godoro likashika moto. Tulivunja mlango kwa nyundo. Wamepona wote, ila mkubwa ameungua mkono.

Anna aliporudi nilimfokea mbele za watu. "Mama gani anafungia watoto kama mbuzi?"

Hakulia. Akaniuliza taratibu, "Ningewaacha wapi, dada?"

Mimi ni mjumbe wa serikali ya mtaa. Mwaka jana akina mama waliomba kiwanja cha wazi cha mtaa wetu kiwe kituo cha kulelea watoto. Sisi wajumbe tukapitisha kiwe maegesho ya malori, kwa kuwa malori yanalipa ushuru. Nami nilinyoosha mkono. Anna alikuwepo kikaoni, akiniangalia.

Jioni nimewapelekea uji. Yule mkubwa, mkono umefungwa bandeji, akasimama kunipokea.

"Shikamoo, mama. Asante kwa kutufungulia."