Pedali Iliyosoma Majina

Kaplong, Jumapili jioni

Mama mpenzi,

Hujambo, na magoti hayajambo? Naomba Mungu yawe yamekubali kupanda kilima cha kanisa bila kunung'unika. Mimi ni mzima, ila baridi ya huku kwenye majani chai haina adabu, inaingia kitandani kabla yangu. Utajiuliza kwa nini naandika na simu ipo. Ni kwa sababu simu yako huiweka laudispika, na kijiji kizima kikanijibu, "Tumesikia!" Hii isome peke yako, ukiwa umeketi.

Kazi ya umeme kiwandani inaendelea. Jumamosi bado napiga gita na ile bendi ya harusi, na kiongozi wetu alikuwa amenichosha: "Otieno, gita yako iko na adabu sana. Watu wanataka ingurume!" Basi nikaenda kwa fundi wa redio hapa Kaplong kutafuta pedali, kile kisanduku cha chuma unachokanyaga kwa mguu ili sauti ya gita ikwaruze. Alikuwa nazo tatu. Ya kwanza, overdrive, ilikuwa pole kama shemasi. Ya pili, distortion, ilikuwa nyigu ndani ya debe. Ya tatu haikuwa na jina, imepakwa rangi kwa mkono. Nilipopiga noti moja tu, niliitambua. Ilikuwa sauti ya gita la Ochieng'.

Ndiyo, Mama. Ochieng' wetu, ndugu yangu, ambaye tulizika tunda la yago, lile refu la mvungunya, mahali pake kwa kuwa miaka ilipita bila mwili wala neno. Nakumbuka ulivyolia. Mimi mwenyewe nilitupa udongo juu ya lile tunda.

Nilijiambia sauti hufanana. Nikainunua, nikaenda nayo nyumbani nibadilishe kapasita moja, maana besi ilikuwa inapotea. Nilipofungua mfuniko nikaona dayodi tatu za kioo, ndogo kama punje za mchele, mbili zimelehemiwa upande mmoja na moja upande wa pili, na kila moja ina tone la rangi nyekundu. Rangi ya kucha. Ile yako, Mama, uliyoikana mbele ya akina mama wa kanisa. Baba aliitumia kutia alama vipande vya redio yake alipoitengeneza. Hizo ndizo dayodi ambazo Ochieng' alizing'oa redioni ili gita lake lingurume, na Baba akamwambia asirudi mpaka redio iseme. Redio haikusema, na Baba akafa.

Nikarudisha mfuniko, nikaunganisha pedali na spika. Gita lilikuwa bado ukutani, waya ukining'inia tu. Nje ukungu ulikuwa umemeza mistari ya chai. Nikakanyaga, na spika ikaanza kunong'ona. Mwanamume, kwa Kijaluo chetu, alikuwa akisoma matangazo ya vifo: marehemu fulani, mwana wa fulani, ameacha mama na ndugu. Mimi ni fundi umeme. Najua dayodi hizo ndizo zilikuwa sikio la redio ile, na najua waya mrefu hunasa mawimbi. Bado nilikwenda kukaa mlangoni, miguu nje, nikiogopa kitu ninachoweza kukieleza.

Nikamrudia fundi. "Ni mama mmoja wa Ndanai aliniuzia," akasema. "Hata hakubargain. Alitaka tu hiyo kitu itoke kwake."

Huyo mama nilimkuta akikamua. Aliniangalia mpaka maziwa yakafurika. "Uso ni ile ile," akasema. "Iko huko kwa chai. Lakini usimwite jina yake. Hajibu."

Nilimwita, Mama. "Ochieng'!" Mtu aliyekuwa amenipa mgongo akichuma hakugeuka. Nikaita tena. Vidole vyake havikusimama hata kidogo. Ndipo nikapiga mluzi ule wa kuitia mbuzi wa Baba, na bega lake likatetemeka.

"Umefuata maiti mpaka huku?" akaniuliza.

Ni yeye. Amekonda, lakini ni yeye. Aliniambia alikuwa akiirekebisha pedali jioni moja, waya wazi, spika imewashwa, akasikia jina lake. "Halafu la Baba, marehemu. Lako na la Mama, mlioachwa. Wakasema mazishi ni Jumamosi. Nikaangalia mikono yangu, Otieno. Ilikuwa bado imeshika chuma cha kulehemu."

"Lilikuwa tunda tu," nikamwambia.

"Lakini mlinililia mimi."

Unajua mila, Mama. Aliyekwisha kuliliwa haingii tu langoni kama mgeni wa Krismasi. Anaweza kuingia na kifo. Tangu siku hiyo haitiki jina lake, anakula kwa sahani yake peke yake, na gita hajaligusa. Pedali alimpa yule mama akaiuze. Nilidhani ni kwa kuogopa jina lake. Akasema hapana, lake limeshapita. Alikuwa akiogopa siku itakapolisoma la kwako.

Nililia pale kwenye chai kama mtoto, na sioni haya.

Anataka kuja, lakini hatavuka lango mpaka lile tunda litolewe na nyumba isafishwe. Baba mdogo atasema maji yakimwagika hayazoleki. Mwambie haya hayakumwagika, yalikuwa Ndanai yakichuma chai. Neno ni lako. Ukisema ndiyo, jirani achukue jembe, tunda litoke, na mimi nitamleta mwenyewe, pamoja na dayodi za Baba, redio ipate kusema.

Nisalimie shangazi na kikohozi chake, dada yangu anayesingiziwa ile rangi ya kucha, na yule mjane jirani anayekuchotea maji. Usiwaambie kitu kabla hujaamua.

Mimi mwanao,
Otieno

Nimeiwasha tena jioni hii kabla ya kufunga bahasha. Ukungu umeshuka, na yule mtu anasoma majina. Nimesikiliza mpaka la mwisho. Lako halikuwemo. Mama, fanya haraka.